Dada, kwa nini nilisahihishwa kwa kumwita mzee "Bibi"?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Moshi, niko Leipzig, Ujerumani, tangu Aprili, na sasa ni Novemba; nasomea uuguzi huku nikifanya kazi katika makao ya wazee. Wiki iliyopita nilimwita mkazi mmoja mwenye umri wa miaka 91 "Oma", yaani bibi, kama ambavyo ningemwita nyumbani, na muuguzi anayenielekeza akanisahihisha papo hapo mbele ya wenzangu. Jumapili nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu kwa sababu nilikuwa natwanga vitunguu saumu. Siku yangu ya kuzaliwa ilipita kazini bila mtu kusema neno. Mama akipiga simu namwambia kila kitu ni kizuri, kisha nalia nikikata. Mtihani wa Kijerumani nilifaulu, lakini watu wenyewe siwaelewi. Je, hawana utu, au mimi ndiye mwenye tatizo? Na nibadilike mpaka wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nimeishi Ujerumani miaka 19, kwanza nikiwa muuguzi wa zamu na baadaye nikiwafundisha wauguzi wanaotoka nje ya nchi hii, na swali la "Oma" nimeulizwa na Mkenya, Mkongo na Mtanzania, kila mmoja akiwa na uchungu uleule ulio nao wewe. Uchungu huo ni halali, kwa maana ulitoa heshima ukarudishiwa lawama. Lakini siamini kwamba hawana utu, wala sioni tatizo kwako. Ninachokiona ni kwamba wewe na yule muuguzi mlikuwa mnalinda kitu kimoja, heshima ya bibi yule, ila kila mmoja wenu aliiweka mahali tofauti.

Kwetu, mtu mzima akitajwa kwa jina lake tupu na mtoto, jirani hugeuka kuangalia ni nani huyo asiye na adabu. Tunampa mtu heshima kwa kumwingiza katika ukoo: mama, shangazi, babu, kaka, hata kama tumekutana naye kituo cha basi dakika tano zilizopita. Mjerumani hufanya kinyume chake. Yeye humheshimu asiye ndugu yake kwa kukiri kwamba si ndugu yake, akamwita kwa cheo na jina la ukoo, Frau (Bi) fulani au Herr (Bwana) fulani, na akamsemesha kwa Sie, ile "ninyi" ya heshima, mpaka mwenyewe atakapotoa ruhusa ya kutumia du, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Sasa mfikirie mkazi wako. Ameacha nyumba aliyoishi labda miaka 50, samani zake zimebaki kabati moja na kiti, anavalishwa na kuogeshwa na watu waliozaliwa juzi. Jina lake ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo bado anavishika mwenyewe. Anapoitwa "Oma" na mtu asiye mjukuu wake, anasikia kwamba sasa amekuwa kikongwe tu, mmoja kati ya vikongwe wa ghorofa ya pili. Wauguzi wa hapa wanafundishwa hivyo tangu mwanzo wa mafunzo, na nyuma ya mafundisho hayo kuna kifungu cha kwanza cha Katiba yao ya mwaka 1949, kinachosema kwamba utu wa binadamu hauwezi kuguswa. Katiba hiyo iliandikwa miaka minne baada ya kuanguka kwa utawala wa Wanazi, uliowaua wagonjwa na walemavu ndani ya hospitali na makao kama hayo unayofanyia kazi, na kwa mkono wa wauguzi pia. Ndiyo maana wanapokuwa kitandani pa mgonjwa hawachukulii jina kuwa jambo dogo.

Kwa hiyo mwite Frau na jina lake la ukoo. Lakini usiufukie moyo uliokufanya umwite bibi, kwa sababu moyo huo ndio wazee wengi wa makao haya wanaukosa. Upeleke kwa njia wanayoitambua. Bisha hodi mlangoni na ungoje jibu, hata kama mkazi hasikii vizuri na hata kama una vyumba vingine vinane vinakusubiri. Hapo huhitaji kujifunza jipya, umelelewa na hodi. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Kisha, siku mmezoeana, muulize angependa umwite nani. Nakumbuka mkazi wangu mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, mkali kama pilipili, ambaye kwa miezi minane nilimwita Frau na jina lake. Siku moja nikiwa namfunga vifungo vya sweta aliniuliza wajukuu wa kwetu humwitaje bibi yao, nikamwambia, na tangu asubuhi hiyo akanitaka nimwite "Bibi", kwa Kiswahili hasa, na wenzangu waliposhangaa yeye mwenyewe ndiye aliyewaeleza. Angalia kwamba ruhusa ilitoka kwake.

Sasa nije kwenye jambo lililokuumiza zaidi, kusahihishwa mbele ya watu. Kwetu kosa la mtu mzima hupitishwa njia ya mzunguko: unaitwa pembeni, au linatumwa kwa mtu wa makamo, au linafungwa ndani ya methali ili mwenye masikio asikie. Kumkosoa mtu waziwazi ni kumvunjia heshima, na pengine ni kutangaza ugomvi. Wajerumani wana neno sachlich, ambalo lina maana ya kulizungumzia jambo lenyewe bila kumgusa mtu, na kwao hiyo ni sifa njema. Muuguzi anayekuelekeza aliposema "Hilo si sahihi, hapa tunasema hivi", kwa hesabu zake alikuwa amesema juu ya neno "Oma" tu. Wewe ulisikia juu yako, juu ya malezi yako, na labda juu ya mama yako aliyekufundisha. Tazama dalili moja: baada ya hapo alikununia, au alikwenda kunywa kahawa akakuuliza kama unataka maziwa? Kama kahawa iliendelea, basi jambo lilikwisha palepale lilipoanzia.

Kuna na sababu ya kisheria. Mafunzo yako ya miaka mitatu yana saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazi kwa vitendo, na sheria inataka angalau asilimia 10 ya saa za vitendo ziwe za kuelekezwa na muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Kukusahihisha ndiyo kazi anayolipwa. Mwelekezi anayekunyamazia ili asikuudhi anakudhulumu, na mgonjwa ndiye atakayeumia. Ikiwa hata hivyo hadhara inakushinda, una haki ya kumwomba afanye faraghani, na njia ya kumwomba ni ileile yao ya moja kwa moja: mwambie kwamba unayapokea masahihisho yake, kwamba unakotoka kukosolewa mbele ya watu ni aibu kubwa, na kwamba utajifunza vizuri zaidi mkizungumza mkiwa wawili. Usingoje aitambue huzuni usoni mwako. Hapa mtu anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika.

Papo hapo nikuonye kuhusu "ndiyo" yetu. Sisi tuna ndiyo ya adabu, ile ya "sawa", "hamna shida" na "tutaona", ambayo msikilizaji wa Kiswahili anajua kuipima uzito kwa sauti iliyoitamka. Ja ya Kijerumani haina mizani hiyo, ukiisema umeahidi. Nimeona wanafunzi wenye akili nyingi wakiitikia ja wakati wa makabidhiano ya zamu kwa kuogopa kumwonyesha mkubwa wao kwamba hawakumwelewa, kisha wakasimama mbele ya kitanda bila kujua dawa ni matone kumi au ishirini. Rudia kwa maneno yako ulichosikia, na kama hukuelewa, sema hukuelewa. Ukiuliza mara tatu watakuona mtu wa kuaminika. Ukikisia mara moja tu wakajua, itakuchukua miezi kurudisha imani hiyo. Macho nayo vilevile: kuinamisha macho mbele ya mkubwa, ambako kwetu ni adabu, hapa husomwa kuwa kuna kitu unaficha, kwa hiyo jizoeze kumtazama mtu anaposema nawe, japo mwanzoni utajisikia umekosa haya.

Juu ya saa nitasema zaidi, kwa sababu ninyi wa Leipzig mna mtego ambao wenzenu wa Hamburg hawana. Mjerumani anaposema halb acht ana maana ya nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Msemaji wa Kiswahili husikia acht, akaigeuza kuwa saa mbili, akaongeza nusu, akafika saa mbili na nusu, na tayari amechelewa kwa saa nzima bila uvivu wowote. Sasa huko kwenu Saksonia wenyeji husema pia viertel acht, ambayo ni 7:15, na dreiviertel acht, ambayo ni 7:45, kana kwamba saa ya nane ni mkate unaokatwa robo, nusu na robo tatu. Semi hizo huwachanganya hata Wajerumani wa magharibi. Usione aibu kumwomba mtu akutajie kwa tarakimu, na wewe mwenyewe urudie kwa tarakimu kabla hamjaachana. Mengine ya muda ni mepesi: fika dakika kumi kabla, ukichelewa hata dakika tano tuma ujumbe, na usimtembelee mtu bila kupatana. Kwa Mjerumani, kukupangia Jumamosi ya wiki tatu zijazo saa kumi jioni si kukukwepa. Amekuandika katika kalenda yake, na siku hiyo utamkuta ameoka keki.

Akikukaribisha chakula, itikia mara ya kwanza. Tulivyolelewa, mgeni hukataa kidogo ili asionekane mlafi, na mwenyeji hushikilia mpaka mgeni akubali, na wote wawili wanajua huo ni mchezo. Hapa ukisema hapana, sahani inaondolewa, kwa sababu neno lako limeheshimiwa.

Sasa ile karatasi ya mlangoni. Jumapili nchini Ujerumani inalindwa na Katiba yenyewe, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka Katiba ya Weimar, katiba ya zamani ya Ujerumani ya mwaka 1919, kinachoitaja kuwa siku ya kupumzika kazi. Maduka mengi hufungwa, na nyumba nyingi za kupanga zina kanuni zinazokataza kelele siku nzima ya Jumapili na kila usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na nyingine huongeza utulivu wa mchana. Kinu kwa asili yake hupeleka mshindo chini, na sakafu yako ni dari ya mtu. Wewe ulisikia harufu ya nyumbani ikianza kupanda jikoni, lakini jirani wa chini alisikia nyundo. Kanuni ziko katika mkataba wako wa nyumba. Zisome na mtu anayejua Kijerumani cha kisheria, kwa maana hapa kanuni ya maandishi haingoji mtu aje kukwambia. Karatasi yenyewe nayo usiichukulie kuwa tusi. Wengi huandika kwa sababu kubisha mlangoni kwako na kukukosoa uso kwa uso nyumbani mwako wanaona ndiko kukuvamia. Mimi ningekushauri ushuke ngazi Jumamosi mchana, ubishe, ujitaje jina, useme samahani kwa kelele za Jumapili, na uache kitu kidogo ulichopika. Mpangaji mpya hapa ndiye anayetakiwa kwenda kujitambulisha kwa majirani, kinyume na kwetu ambako majirani ndio huja kumwona mgeni, na huenda mlikaa miezi saba kila upande ukimngoja mwenzake. Kisha twanga vitunguu vya wiki nzima siku ya Jumamosi, ukiweka taulo nene chini ya kinu.

Siku ya kuzaliwa ndilo jambo jepesi kuliko yote, ingawa najua lilikuliza. Hapa mwenye siku ndiye anayeleta keki kazini. Asiyeleta hueleweka kwamba hataki makelele, na wenzake wakamwachia faragha yake. Tena usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, hata kwa usiku mmoja, kwani wanaamini huleta mkosi. Hata sasa hujachelewa: peleka keki, sema ni ya siku iliyopita, na utaona watakavyokusanyika.

Salamu pia wanazo, ila ni fupi. Ukiingia chumba cha kungojea daktari unawasalimu wote kwa ujumla, na ukitoka unawaaga; hali kadhalika kwenye lifti na ngazi za nyumba. Sisi tukiuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto na za tangu juzi, tunamwambia mtu kwamba tuna muda naye. Wao humheshimu mtu kwa kutomchukulia muda wake. Ukilijua hilo, "Morgen" ya haraka ya asubuhi haitakuuma tena kama mlango uliofungwa usoni.

Lazima pia niseme jambo ambalo washauri wengine hulipita kwa miguu ya paka. Si kila linalokuumiza ni tofauti ya mila. Mkazi akikataa kuguswa nawe kwa sababu ya rangi yako, mwenzako akikutania kwa neno la kudhalilisha, au wewe peke yako ukipewa kila wikiendi na kila usiku katika ratiba ya zamu, hayo usiyaite utamaduni na wala usijitwishe kazi ya kuyazoea. Kipimo changu ni kimoja: je, Mjerumani aliyefanya kama wewe angetendewa vivyo hivyo? Kwa "Oma" na kwa kinu jibu ni ndiyo. Kwa mambo mengine huenda jibu likawa hapana, na hapo andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, umpelekee msimamizi wako kwa maandishi. Ipo sheria ya kuzuia ubaguzi ya mwaka 2006, na ofisi ya serikali kuu ya kupambana na ubaguzi hutoa ushauri bila malipo. Ukitaka kudai fidia kwa mwajiri, sheria inakupa miezi miwili tu ya kuwasilisha dai kwa maandishi, kwa hiyo usiliweke jambo moyoni mpaka Pasaka.

Umeuliza ubadilike mpaka wapi. Badili njia za nje: majina, saa, keki, Jumapili, ja yako. Hizo ni kama koti la Novemba, unalivaa mlangoni na kulivua ukirudi. Yasiyo ya kubadili utayajua kwa sababu ukiyaacha utajisikia umemkosea mtu. Mimi sikuwahi kuacha kumwamkia mtu mzima anayezungumza Kiswahili, hata awe bosi wangu au nimemzidi elimu, na sikuwahi kula mbele ya mwenzangu bila kumkaribisha. Katika wodi yangu ya zamani Wajerumani walianza nao kukaribishana, wakilitamka "karibu" kwa r yao ya kooni.

Uchovu ulio nao mwezi huu usiuchukulie kuwa hukumu juu ya safari yako. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliandika juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda kusoma na kufanya kazi Marekani, akaona kwamba waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane walikuwa na hali ngumu kuliko wale waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Watafiti waliofuata hawakuikuta sura hiyo kila mahali, na mimi mwenyewe nimewaona walioteseka tangu wiki ya kwanza, lakini mwezi wa nane tangu mtu afike ni mwezi ninaoujua vizuri katika nyuso za wanafunzi wangu. Ugeni umekwisha kuchangamsha na uzoefu bado haujaota mizizi. Ongeza giza: saa ya Kiswahili hulifuata jua, na mwili wako umezoea kwamba jua linatua kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni, ilhali Leipzig mwezi wa Desemba giza litakuingilia kuanzia saa kumi. Toka nje mchana, hata nusu saa, kila siku usiyo na zamu ya mchana. Kama usingizi na hamu ya kula vitapotea kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kwa daktari wako wa kawaida umwambie waziwazi, kwa maana huo ni ugonjwa unaotibika kama mwingine.

Tafuta pia kundi lenye shughuli. Mjerumani hafanyi urafiki kwa kuongea tu kituoni, hufanya urafiki na yule anayekutana naye kila Alhamisi kwa jambo fulani, na ndiyo maana nchi hii ina vyama vilivyosajiliwa zaidi ya 600,000, vya kuimba, kukimbia, kulima bustani na kuzima moto. Kwa wewe wa Moshi kuna mlango ambao pengine hukuujua: wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mji huohuo unaokaa, na shirika hilo bado lina uhusiano na Walutheri wa Kilimanjaro. Ukienda pale utakuta watu wanaolijua jina la kijiji chenu. Kwaya za makanisa nazo hazina upungufu huko, na alto anayefika kwa wakati hupokelewa kwa mikono miwili.

Neno la mama yako. Umeandika kwamba akipiga simu unamwambia kila kitu ni kizuri, kisha unalia ukikata. Mpangie siku na saa, kama Wajerumani wanavyofanya, tuseme Jumapili saa nane mchana ya Leipzig, ambayo kwa sasa ni saa kumi ya Moshi, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi itakuwa saa tisa. Mweleze habari ya "Oma" tangu mwanzo mpaka mwisho, na karatasi ya mlangoni, na keki. Mama aliyekulea ukajua kumwita mgeni "bibi" ataelewa upesi kuliko unavyodhani kwa nini bibi yule alitaka kubaki na jina lake.